Nyapara na Karani: Swali la Utu katika Uongozi wa Kazi, Bungoma na Kitale

Swali la namna hulka ya kiongozi inavyoathiri kazi ya walio chini yake huulizwa siku hizi katika vyuo vya usimamizi kana kwamba ni swali la vipimo peke yake: ni mtindo upi unaozaa matunda mengi zaidi, na ni mtu wa sifa zipi anayestahili kukabidhiwa ofisi. Ni swali halali na majibu yake yana manufaa, lakini chini yake kuna swali jingine la kale zaidi, ambalo vipimo haviwezi kulijibu kwa kuwa vyenyewe vimesimama juu yake, nalo ni swali la kidini na la kifalsafa kuhusu mfanyakazi ni nani hasa. Kila mtindo wa kuongoza umejengwa juu ya imani fulani kuhusu binadamu, hata pale ambapo mwenye kuutumia hajawahi kuitamka imani hiyo kwa kinywa chake. Eneo lililo kati ya Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, chini ya Mlima Elgon, linafaa sana kwa uchunguzi wa swali hili, kwa sababu katika karne ya 20 imani mbili zinazopingana juu ya mfanyakazi zilikaa hapo kama majirani, moja ikitoka katika mashamba ya walowezi na nyingine katika misheni iliyokuja na msumeno pamoja na Biblia, na zote mbili ziliikuta imani ya tatu ambayo wenyeji walikuwa nayo tangu zamani.

Ni vyema istilahi zifafanuliwe kwanza. Neno hulka, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lilielezwa na Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, kuwa ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo kwayo matendo hutoka kwa wepesi bila mtu kuhitaji kufikiri kwanza. Anayetoa sadaka mara moja kwa kusukumwa na tukio hajawa karimu bado, kwa kuwa karimu ni yule ambaye mkono wake hufunguka wenyewe. Al-Ghazali alikataa pia dai kwamba hulka haibadiliki, akisema kuwa kama ingekuwa hivyo basi mawaidha na malezi yote yangekuwa kazi bure. Saikolojia ya leo huzungumzia sifa tano kuu za nafsi, ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa umakinifu, yaani mazoea ya kutimiza wajibu kwa utaratibu na uangalifu; uchangamfu; ukunjufu, yaani wepesi wa kupatana na wengine; uthabiti wa hisia; na uwazi wa fikra kwa mambo mapya. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia na kuonyesha kwamba umakinifu ndiyo sifa iliyoambatana na utendaji bora katika aina zote za kazi walizozichunguza. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake wakaonyesha kwamba uchangamfu ndio unaohusiana zaidi na uongozi, lakini kwamba uhusiano huo una nguvu zaidi katika suala la nani huonekana kuwa kiongozi kuliko katika suala la nani huongoza vizuri. Tofauti hiyo inastahili uzito kuliko inaopewa kwa kawaida, maana inasema kwamba macho ya watu humchagua mwenye sauti, ilhali kazi yenyewe hubebwa zaidi na dhamiri isiyo na kelele.

Jambo hili huonekana waziwazi katika mashamba ya mbegu ya Trans Nzoia, eneo ambalo Kitale ni mji wake mkuu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 aina ya mahindi chotara iitwayo H611, iliyotokana na kuunganisha mbegu ya Kitale na nyingine iliyoletwa kutoka Ecuador, ikatolewa kwa wakulima. Mbegu chotara huzalishwa kwa kupanda mistari ya kike na mistari ya kiume katika shamba moja, kisha kung'oa mbelewele zote za mistari ya kike kabla hazijamwaga chavua, ili punje za mistari hiyo zitokane na chavua ya ile ya kiume peke yake. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, asubuhi baada ya asubuhi, kwa kuwa mimea haichanui yote siku moja. Na mfanyakazi akishaingia ndani ya mahindi yaliyompita kimo, hakuna msimamizi awezaye kumwona. Mbelewele zilizorukwa kwa uchovu au kwa uzembe huchafua usafi wa mbegu, na anayedhurika ni mkulima wa mbali ambaye hatajua kamwe ni nani aliyeziruka. Jicho la msimamizi huishia pembeni mwa shamba, na kuanzia hapo kazi hutegemea kile ambacho mfanyakazi ameingia nacho moyoni.

Ndiyo maana historia ya nyapara katika eneo hilo ni somo zito. Neno lenyewe lilitumika katika misafara ya karne ya 19 kwa mkuu wa kundi la wapagazi, mtu aliyetembea nao njia ile ile. Lakini katika mashamba ya walowezi yaliyoenea Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likaja kumaanisha msimamizi aliyewekwa na mwenye shamba ili ahesabu watu alfajiri, agawe kipimo cha kazi ya siku na aangalie nani ametimiza siku za tiketi yake, yaani kadi ya siku za kazi ambayo ujira uliitegemea. Wengi waliofanya kazi chini yake walitoka upande wa Bungoma na Kimilili, na walibeba kipande, yaani hati ya utambulisho na kumbukumbu za ajira ambayo sheria ya kikoloni iliwalazimu wanaume Waafrika kuwa nayo. Ingekuwa kosa kudhani kwamba manyapara wote walikuwa watu wakali kwa hulka. Mfumo ulimpa nyapara imani iliyokwisha kuandaliwa kuhusu mtu aliyesimama mbele yake: kwamba ni jozi ya mikono, kwamba akiachwa atakaa bure, na kwamba neno lake halina la kuongeza katika maamuzi ya shamba. Mpole aliyewekwa katika nafasi hiyo alilazimika ama kuuficha upole wake ama kuipoteza nafasi. Mwaka 1960 Mmarekani Douglas McGregor aliieleza imani ya namna hiyo kuwa nadharia iliyofichika chini ya usimamizi wa viwanda, akionyesha kwamba meneja anayedhani watu huichukia kazi kwa asili yao hujenga masharti ambayo mwishowe huwafanya waichukie kweli. Vibarua waliozeeka katika kambi za mashamba ya Kitale hawakuhitaji kuambiwa hivyo na mtu wa chuoni.

Uhusiano kati ya mtindo na utendaji ulipimwa kwa majaribio mashuhuri yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1939 na Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White huko Marekani, ambapo vikundi vya wavulana vilipewa kazi za mikono chini ya viongozi wa mitindo tofauti: wa kimabavu, aliyeamua kila kitu mwenyewe; shirikishi, aliyejadiliana nao; na wa kuachilia, aliyewaacha wajifanyie watakavyo. Kilichobaki katika kumbukumbu za wataalamu ni kwamba wavulana walioongozwa kimabavu walifanya kazi kwa wingi maadamu kiongozi yupo, lakini alipotoka chumbani kazi ilishuka ghafla, ilhali wale wa kiongozi shirikishi waliendelea karibu kama kawaida. Kwa hiyo kipimo chenye maana zaidi si wingi wa kazi mbele ya macho ya mkubwa, bali ni kile kinachobaki mikononi mwa watu anapokuwa hayupo. Hicho kinaweza kuitwa kipimo cha kutokuwapo, na shamba la mbegu hukitumia kila msimu.

Sasa itazamwe ile imani ya pili. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka, ambao ni Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walianzisha misheni Kaimosi, na jina walilolichagua liliitambulisha kuwa misheni ya kazi za viwanda, kwa sababu waliamini kwamba useremala, upasuaji mbao na kilimo ni sehemu ya mahubiri yenyewe. Kutoka Kaimosi dini hiyo ilienea kaskazini hadi kwa Wabukusu, tawi la Waluhya lililoko Bungoma, ikajenga kituo Lugulu, na mwaka 1946 ukaundwa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo cha juu cha Marafiki wa eneo hili. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ibada yao katika Bungoma si ile ya ukimya mtupu inayojulikana Uingereza, kwa kuwa ina nyimbo, mahubiri na wachungaji wa kuajiriwa. Hata hivyo namna ya kuendesha mikutano ya shughuli imebaki ile ya asili, nayo ina maana kubwa kwa mada hii.

Katika mkutano huo hakuna kura. Anayeuongoza haitwi mwenyekiti, huitwa karani, na kazi yake ni kusikiliza mpaka atambue mkutano unaelekea wapi, kisha kuandika uamuzi kwa maneno machache na kuwasomea waliohudhuria papo hapo, nao wakiona si hivyo wanaurekebisha kabla haujaingia kitabuni. Asipoona mwelekeo wowote, jambo linaahirishwa. Utaratibu huu hautokani na ukarimu wa tabia wala na hesabu ya ufanisi. Unatokana na itikadi ya George Fox, mwanzilishi wa Marafiki katika Uingereza ya karne ya 17, kwamba ndani ya kila mtu mna nuru itokayo kwa Mungu, na kwa hiyo ukweli kuhusu jambo lililo mezani unaweza kutoka kwa aliye mdogo kuliko wote. Karani hawezi kuamini hivyo kisha akahesabu mikono, maana kura huwapa ushindi waliozidi kwa idadi, na nuru haigawanywi kwa idadi. Nyapara hasikilizi kwa sababu hategemei kusikia lolote la maana. Karani husikiliza kwa sababu anaamini kuna la kusikia. Kumfundisha nyapara mbinu za kusikiliza bila kuigusa imani yake ni kumpa adabu ya nje tu, na wafanyakazi huitambua upesi.

Marafiki hawakuleta wazo hili katika ardhi tupu. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner, aliyefanya utafiti katika Kavirondo Kaskazini, wilaya ya kikoloni iliyojumuisha Bungoma, miaka ya 1930, aliona kwamba uongozi wa ukoo miongoni mwa Waluhya haukuwa cheo chenye nguvu ya kulazimisha, bali ulimfikia mzee aliyeweza kusema kwa upole, kuamua mashauri na kuwarudisha watu katika busara. Kwa Wabukusu kiongozi wa namna hiyo aliitwa omukasa. Hadi leo, baada ya maziko ya mzee aliyeheshimiwa, hufanyika khuswala kumuse, mkutano wa hadhara ambamo mnenaji wa ukoo maalumu husimulia chimbuko la watu, hukemea na hutoa maonyo huku umati umeketi kwa utulivu. Mnenaji huyo hana askari wala faini, na neno lake hufika kwa sababu watu wamekubali kuketi. Inawezekana kabisa kwamba karani wa Marafiki alipokelewa kwa urahisi Bungoma kwa sababu wazee waliitambua sura yake.

Kuna uzi mwingine unaoiunganisha dini hii na vitabu vya usimamizi vya leo. Robert Greenleaf, mzaliwa wa Indiana aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T kwa miaka 38, alikuwa Mkweka, na mwaka 1970 alichapisha insha iliyoanzisha kile kinachoitwa uongozi wa kitumishi, yaani fikra kwamba kiongozi halisi huanza kwa hamu ya kuwatumikia wengine na ndipo huja kuongoza. Kipimo alichokiweka kinahusu watu wenyewe: je, wanaotumikiwa wanakua, wanakuwa huru zaidi na wenye hekima zaidi, na wale wanyonge kabisa katika jamii wanafaidika au angalau hawazidi kunyimwa? Greenleaf alieleza kwamba wazo hilo lilimjia kutokana na riwaya fupi ya Hermann Hesse, ambamo mtumishi aitwaye Leo huwahudumia wasafiri na kuwatia moyo, na siku anapotoweka msafara wote unasambaratika. Hapo panahitaji kusimamwa, kwa sababu hadithi ya Leo na majaribio ya Lewin vinaelekea pande mbili. Kwa kipimo cha kutokuwapo, Leo ameshindwa: aliwabeba wasafiri kwa wema mwingi kiasi kwamba hawakujifunza kujibeba. Wasomaji wengi wa Greenleaf hulipita jambo hili bila kuliona, ilhali ndilo hatari kubwa ya kiongozi mwema. Mkuu wa shule anayesahihisha kila kosa kabla mwalimu hajaliona, au muuguzi mkuu anayekaa zamu za wenzake kwa huruma, hupendwa na watu wote, na siku akihamishwa mahali pale huyumba. Karani hana nafasi ya kuwa Leo, kwa kuwa anachokiandika si chake.

Hata hivyo kipimo cha kutokuwapo chenyewe hakitoshi, na ushahidi upo Kimilili. Elijah Masinde, aliyezaliwa Maeni katika eneo hilo, mwanasoka hodari aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki kabla ya kuachana nalo, aliiongoza Dini ya Msambwa, harakati iliyowaita Wabukusu warudi kwa Mungu wa mababu na kuukataa utawala wa wakoloni. Mwanasosholojia Max Weber aliutaja uongozi wa namna hii kuwa wa karama, yaani unaotegemea imani ya wafuasi kwamba mtu fulani ana kipawa kisicho cha kawaida, akautofautisha na ule wa mila na ule wa sheria na ofisi. Baada ya polisi kuwafyatulia risasi waumini huko Malakisi mnamo Februari 1948, dini hiyo ilipigwa marufuku na Masinde akakaa kizuizini mbali na kwao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini wafuasi hawakuisha, na harakati ilimsubiri. Basi karama nayo hustahimili kutokuwapo. Tofauti iko katika kile kinachobaki: kwa wafuasi wa mtu wa karama hubaki uaminifu kwake, na uaminifu huo unaweza kuwa mkubwa na wa kishujaa kama ulivyokuwa hapo, ilhali kwa waliozoea mkutano wa karani hubaki uwezo wa kuamua. Mahali pa kazi panahitaji cha pili zaidi, kwa sababu matatizo ya kesho hayatakuwa yale ambayo kiongozi aliyeondoka aliyatolea maelekezo.

Haitakuwa haki kumtukuza karani bila kusema upungufu wake. Utaratibu wa kungojea mwafaka ni wa polepole, na wodi yenye mgonjwa anayetokwa na damu haiwezi kuahirisha uamuzi hadi mwezi ujao. Tena, mahali ambapo vijana wamefunzwa kunyamaza mbele ya wazee na wanawake mbele ya wanaume, ukimya unaweza kusomwa kuwa kukubali, na karani akaandika nia ya wazee watatu kana kwamba ndiyo nia ya wote. Nyapara angalau hadai kwamba amri yake ni sauti ya watu. Wala mwafaka haukuwalinda Marafiki wenyewe wasifarakane, kwa maana kuanzia miaka ya 1970 Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uligawanyika, na wale wa upande wa Elgon wakaunda chombo chao. Na katika taasisi zilizoanzishwa na kanisa, kama hospitali ya Lugulu au Shule ya Friends Kamusinga iliyoanza katika miaka ya 1950, moyo wa karani lazima ukae pamoja na uongozi wa sheria na ofisi, kwa kuwa walimu huajiriwa na tume ya serikali na mkuu wa shule huwajibika kwa sheria hata pale ambapo mkutano haujafikia mwafaka.

Upo pia mpaka mwingine, unaohusu uongozi wote. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Bungoma, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974 na kuwa tegemeo la mji mzima, kilisimama mwaka 2009 kikiwa kimelemewa na madeni, na maelfu waliokitegemea hawakukosa umakinifu. James Meindl na wenzake walionya mwaka 1985 kwamba watu wana mwelekeo wa kuyahusisha mafanikio na maanguko ya shirika na nafsi ya kiongozi kupita kiasi, kwa kuwa ni rahisi kumwelewa mtu kuliko kuelewa riba, bei ya umeme na soko. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba kiwanda kimekufa kwa sababu ya tabia za watu, wakati chanzo ni hesabu za deni, anadhulumiwa mara mbili.

Linabaki swali la wajibu. Ikiwa hulka ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, je, mwenye hulka kali alaumiwe kwa kuongoza kwa ukali, na mwenye haya alaumiwe kwa kutoamua? Jibu la al-Ghazali lilikuwa kwamba hulka hujengwa kwa kutenda matendo yake mara nyingi, kwanza kwa kujilazimisha na baadaye kwa wepesi, kama vile mwandiko mzuri unavyokuja kwa anayeiga herufi za mwalimu wake mpaka mkono wake uzizoee. Likichukuliwa kwa uzito, jibu hilo linamaanisha kwamba mpangilio wa kazi nao ni mlezi wa nafsi: tiketi ya siku na hesabu ya alfajiri zilimfinyanga nyapara miaka nenda miaka rudi, na meza ya karani humfinyanga anayeketi hapo, awe alikuja mpole au mkali. Karani huandika mbele ya watu wote, husimama, husoma; na mama mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, akiinuka na kusema kwamba hivyo sivyo walivyokubaliana, karani hulazimika kuufuta mstari ule na kumwomba aeleze tena, polepole, ili auandike upya.